Silale, Natron au Manyara: uende kwenye maji gani?

Kiangazi kikianza kukolea, swali la watu wa Arusha na Moshi kwa yeyote anayezungukazunguka porini huwa ni lile lile: tumepata mapumziko, gari la kuchangia lipo, tunataka kwenda kwenye maji tukaone wanyama na ndege, twende wapi? Jibu linalotolewa mara nyingi ni la kilomita. Huku karibu, kule mbali, basi nenda karibu. Naona jibu hilo linawaponza wengi. Mtu anakwenda Natron akitarajia makundi ya tembo, anarudi amenuna. Mwingine anaingia Tarangire mwezi wa nne, anakuta nyasi zimemfika swala kifuani, na tembo wametawanyika hadi nje ya hifadhi, kisha anawaambia majirani kwamba Tarangire hakuna kitu.

Hapa nalinganisha sehemu tatu ambazo mtu wa miji hii miwili anafika kwa gari bila kupanda ndege: kinamasi cha Silale ndani ya Hifadhi ya Taifa Tarangire, Ziwa Natron chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, na Ziwa Manyara pale mjini Mto wa Mbu. Zote ni ardhioevu za kanda moja, na baadhi ya wanyama wake huhama kati ya upande mmoja na mwingine kufuata mvua. Hata hivyo, siku utakayoipata Silale haifanani kabisa na siku ya Natron.

## Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni aina ya maji. Maji baridi yanayonyweka huvuta wanyama wakubwa: tembo, nyati, punda milia, na simba wanaowafuata. Maji makali ya magadi hayanyweki, lakini huotesha mwani ambao ndege wengine maisha yao yote yanautegemea. Ukishajua maji, umeshajua nusu ya utakachokiona.

Baada ya hapo nauliza mwezi gani, maana kinamasi kilichojaa neema Septemba kinaweza kukunasa gari Aprili. Kisha njia na aina ya gari. Kisha fedha. Mwisho ni mwili: joto, wadudu, kutembea kwa miguu, na kama kuna watoto au wazee kwenye msafara. Uzuri wa mandhari sikuuweka kwenye vigezo, kwa sababu hapo kila mtu na jicho lake.

## Maji na wanyama wake

Silale ni maji baridi. Udongo wake mweusi wa mfinyanzi hushika maji ya mvua kwa miezi mingi, kwa hiyo nyika ya Tarangire ikishakauka yote na mibuyu imebaki matawi matupu, Silale inaendelea kuwa kijani. Pamoja na Mto Tarangire, ambao haukauki kabisa hata kiangazi, ndiyo inayowafanya wanyama wa eneo kubwa la jirani warudi ndani ya hifadhi kila mwaka. Makundi ya tembo huingia kinamasini hadi maji yakawafika tumboni. Ukitulia ukingoni, injini imezimwa, utamwona mmoja akizungusha mkonga kwenye fungu la nyasi, analing'oa, halafu analipigapiga kwenye maji au kwenye mguu wa mbele mpaka tope lidondoke, ndipo anatia mdomoni. Anarudia hivyo hivyo bila haraka kwa muda mrefu, na yangeyange weupe wanamfuata nyuma kudaka wadudu anaowafurusha. Kwangu mimi dakika ishirini za kumwangalia tembo mmoja namna hiyo zina thamani kuliko kukimbilia kila gari lililosimama.

Nyati wapo kwa makundi, kuro na tohe wanapenda nyasi za pembeni, na simba hujilaza kwenye kivuli cha migunga wakisubiri wanyama wanaokwenda kunywa. Angalia na juu ya miti: Silale inajulikana kwa chatu wanaopanda miti na kujiviringisha kwenye matawi. Upande wa ndege, hifadhi ina zaidi ya aina 500. Wapo kwezi wa kijivu, ambao hawapatikani nje ya Tanzania, na wapo kasuku wadogo wa kijani wenye shingo ya njano wanaopenda matundu ya mibuyu.

Natron ni habari nyingine kabisa. Ziwa hili liko chini sana, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, halina mto unaotoka, na kina chake hakifiki mita tatu. Maji yanaingia kutoka Mto Ewaso Ng'iro wa upande wa Kenya na kwenye chemchemi za moto, jua linayakausha, na magadi yanabaki. Kwa karne nyingi majivu na miamba ya volkano ya eneo hilo imekuwa ikiongeza magadi hayo. Matokeo yake ni maji makali yanayowasha ngozi, ambayo kwenye vidimbwi vya kingoni huweza kufika nyuzi joto 60. Kuna msimu ambapo ziwa hugeuka jekundu kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi.

Ukali huo ndio ulinzi wa flamingo wadogo, yaani aina ndogo ya flamingo, si makinda. Hujenga viota vya tope mfano wa chungu kilichofunikwa, katikati ya ziwa, mahali ambapo fisi na mbweha hawathubutu kuvuka. Karibu flamingo wadogo wote wa Afrika Mashariki huanguliwa hapa. Wale unaowaona Manyara, maziwa ya Momela, hata Nakuru na Bogoria kule Kenya, asili yao ni Natron. Ndiyo maana mpango wa kiwanda cha magadi ulioibuka miaka ya 2000 ulipingwa vikali na wahifadhi, na ndiyo maana ziwa hili limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 2001. Kuliharibu ziwa moja ni kuwamaliza ndege wa nchi kadhaa.

Mgeni wa Natron haoni viota. Viko mbali na havifikiki. Anachoona ni flamingo wanaokula pembezoni. Unatembea juu ya tope lililokauka na kufanya ganda jeupe, linakatika chini ya kiatu kama kaukau, na kabla hujawaona vizuri unawasikia, sauti ya chini isiyokatika, mfano wa watu wengi wanaoongea ndani ya ukumbi. Kila mmoja ameinamisha kichwa mpaka mdomo umegeuka chini juu, anachuja mwani. Ukiwasogelea mno wanaanza kutembea wote kwa pamoja kuelekea ndani, na hapo ndipo pa kusimama. Kwenye vijito vya chemchemi utaona pia samaki wadogo jamii ya perege waliozoea maji hayo ya moto na magadi, jambo ambalo wengi hulipita bila kuliangalia.

Wanyama wakubwa? Njiani utapata twiga, punda milia, nyumbu, mbuni na swala, na mwenye bahati huona choroa au swala twiga. Tembo na simba usiwawekee matumaini.

Manyara iko katikati ya hizo mbili. Ziwa lenyewe lina magadi, lakini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa maji baridi hububujika ardhini na kulisha msitu mnene unaokutana nao mara tu baada ya geti. Kwa hiyo ndani ya hifadhi moja una nyani kwa makundi makubwa, kima na tembo msituni. Viboko kwenye bwawa lao karibu na ziwa. Mwari, korongo wa kila aina na, maji yakiwa sawa, flamingo. Simba wa Manyara wanajulikana kwa kupanda miti, ila kuwakuta ni bahati. Tabia za tembo wa Manyara zilichunguzwa kwa makini na Iain Douglas-Hamilton miaka ya 1960, utafiti uliobadilisha namna dunia inavyomwelewa mnyama huyo.

Tatizo la Manyara ni kwamba ziwa linapanda na kushuka sana. Mwaka wa mvua nyingi maji hupanda hadi barabarani na kuzamisha miti ya kingoni. Mwaka wa ukame ufuko unakuwa mpana kiasi kwamba ndege wanabaki vidoa vya mbali hata kwa darubini. Kabla ya kwenda, mpigie dereva au mwongoza watalii aliyeingia wiki hiyo umuulize maji yako wapi.

## Mwezi gani

Silale ina majira yake na haibembelezi: Julai hadi Oktoba. Kadiri ukame unavyozidi ndivyo wanyama wanavyobanana, na Septemba mara nyingi ndiyo kilele. Vuli ikianza Novemba, makundi huanza kutoka kuelekea uwanda wa Simanjiro na kwingineko. Masika, Machi hadi Mei, udongo ule mweusi unaoshika maji hushika na magurudumu. Mpenda ndege, hata hivyo, ana sababu ya kwenda kati ya Novemba na Februari, kwa kuwa ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia wanakuwa wamewasili.

Natron inafikika vizuri Juni hadi Oktoba, na tena Januari na Februari kama vuli haikuzidi. Masika makorongo ya njiani hujaa maji ghafla, hata kama mvua imenyesha mlimani na wewe uko juani. Flamingo wanaokuja kula huwapo kwa nyakati nyingi za mwaka, idadi ikipanda na kushuka. Kutaga kwao hakuna ratiba ya kuaminika. Kuna miaka wanataga kwa wingi na kuna miaka wanaacha.

Manyara unaweza kwenda karibu mwaka mzima. Msitu hauna msimu.

## Njia na gari

Tarangire na Manyara zote unazifuata kwa lami kutoka Arusha hadi Makuyuni. Pale njia zinaachana. Ukinyoosha kuelekea Babati unafika Kwa Kuchinja, unakata kushoto, na kilomita chache za vumbi zinakufikisha getini Tarangire; jumla ni kilomita 120 hivi. Ukikata kulia Makuyuni unafika Mto wa Mbu, na geti la Manyara liko pale pale mjini, kilomita zinazokaribiana na hizo, lami hadi mlangoni. Wa Moshi aongeze kilomita 80 hivi za kufika Arusha, na foleni ya Usa River na Tengeru.

Wengi wanakosea mahesabu ya Silale. Kufika geti la Tarangire si kufika Silale. Kinamasi kiko ndani, upande wa mashariki na kusini, na kwa mwendo wa kuangalia wanyama unaweza kutumia saa mbili kabla hujakiona. Ukiingia saa nne asubuhi kwa sababu mlichelewa kukusanyana stendi, utafika wakati wa jua kali, utakula lanchi boksi pale sehemu ya kupumzikia ukingoni mwa kinamasi, na itabidi uanze kurudi. Kwa safari ya siku moja toka Arusha saa kumi na moja alfajiri. Gari la juu linahitajika. Noah huingia kiangazi kwenye barabara kuu za hifadhi, lakini kwenye njia za pembeni za kinamasi sishauri.

Natron unapita Mto wa Mbu, unakata kaskazini kupitia Selela na Engaruka hadi kijiji cha Ngare Sero. Baada ya lami kuisha sehemu kubwa ni vumbi, mchanga na mawe ya volkano. Kutoka Arusha hesabu mwendo wa saa tano, ukipata pancha ongeza. Hapa hakuna mjadala: gari la juu linalovuta magurudumu yote manne, tairi za akiba mbili, mafuta umejaza kabla ya kuacha lami, maji ya kunywa ya kutosha watu wote kwa zaidi ya siku mliyopanga. Na kamwe usiendeshe gari juu ya lile ganda jeupe la ziwani. Linaonekana gumu, chini yake ni tope.

## Fedha

Gharama kubwa kwa mwenyeji huwa ni gari na mafuta. Ada ya kiingilio kwa raia wa Afrika Mashariki hulipwa kwa shilingi na ni ndogo mno ikilinganishwa na ya mgeni, ila uwe na kitambulisho, cha NIDA kikiwezekana. Watoto wa chini ya miaka mitano hawalipi. Tarangire na Manyara ni za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na malipo yanafanywa kwa kadi au kwa namba ya malipo, kwa hiyo usifike getini na noti mkononi ukitegemea kuzitoa. Gari na dereva nazo zina ada. Pitia viwango vya sasa ofisini kwao kabla ya kuanza kuchangishana.

Manyara ndiyo nafuu kwa jumla, maana siku moja inatosha na kulala Mto wa Mbu kuna nyumba za bei ya kawaida na chakula cha sokoni, ndizi nyekundu zikiwemo. Daraja la kamba la kutembea juu ya miti, lenye urefu wa mita 370, linalipiwa peke yake. Silale unaweza kuifanya kwa siku moja ndefu, lakini ukilala kempsaiti ya ndani unalipa zaidi na unapata asubuhi yote kinamasini. Kama mfuko unaruhusu, fanya hivyo.

Natron si hifadhi ya taifa, na watu wengi wanashangazwa na mageti yake. Halmashauri na vijiji vina vizuizi zaidi ya kimoja njiani, kila kimoja na ada yake, juu yake kuna mwongozaji wa kijijini. Dai stakabadhi kila mahali na uzitunze mpaka utakaporudi. Kwa kuwa lazima ulale, na gari linakula mafuta mengi, Natron huwa ghali kuliko ramani inavyoonyesha. Sehemu nzuri ya fedha hizo lakini inabaki Ngare Sero kwa watu wanaoishi na ziwa hilo, na hilo nalihesabu kuwa jambo jema.

## Joto, wadudu na miguu

Silale unakaa garini kutwa. Mzee mwenye magoti mabovu hana tatizo, mtoto atachoka kukaa. Adui ni ndorobo, hasa kwenye vichaka njiani; kuumwa kwake kunapenya shati. Usivae bluu wala nyeusi, vaa rangi ya udongo, na funga vioo mnapopita vichakani.

Natron ni ya miguu. Unaanza kutembea alfajiri kwa sababu ikifika saa nne joto haliruhusu. Kivuli hakuna. Viatu vifunike mguu, na tope la magadi lioshwe mapema kabla halijawasha. Mchana watu hujificha kwenye maporomoko ya Ngare Sero, ambayo maji yake ni baridi na ya kuogelea, na jioni wanaweza kwenda kuona nyayo za binadamu wa kale, zaidi ya 400, zilizohifadhika kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe. Wenye pumzi huongeza kupanda Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, usiku kucha. Mtoto wa miaka minne au mama mjamzito nisingempeleka.

Manyara ina kivuli, umbali mfupi, na vyoo vinavyofikika. Mbu wapo jioni, kwa hiyo chandarua ni lazima mkilala huko.

## Kwa hali yako

Kama hamjawahi kuingia porini, mnataka wanyama wakubwa, na likizo iko kati ya Julai na Oktoba, Silale itawapa mengi zaidi kwa siku moja. Hakikisheni dereva anaijua Silale, maana wengine huzunguka mtoni karibu na geti na kugeuza.

Familia yenye watoto wadogo na bibi, iende Manyara. Nyani peke yao watawashughulisha watoto saa nzima, na mkichoka mji uko nje ya geti.

Kama umeshaona tembo vya kutosha, una angalau usiku mmoja, afya inaruhusu na gari ni la uhakika, Natron itakuonyesha kitu ambacho hizo nyingine mbili hazina. Nenda na mwongozaji wa kijijini, na mkatae yeyote atakayejitolea kuwarusha ndege ili upate picha. Flamingo aliyefukuzwa kwenye chakula anapoteza nguvu alizozihitaji.

Mpiga picha wa ndege mwenye siku tatu anaweza kuunganisha: Manyara siku ya kwanza, alale Mto wa Mbu, kisha Natron, kwa kuwa njia ni moja. Kuunganisha Silale na Natron kwa wikiendi moja ni kukaa barabarani tu.

Mwenye nusu siku asijilazimishe na yoyote kati ya hizi. Maziwa ya Momela, ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, yako karibu sana na Usa River, kutoka Arusha na hata Moshi. Yana flamingo, twiga, nyati, mitumbwi ya kukodi, na ruhusa ya kutembea kwa miguu na askari.

Na likizo yako ikiangukia Aprili, chagua Manyara au Momela, ulizia hali ya barabara siku moja kabla, na uiache Silale mpaka Julai.